Tusikimbilie 777

Hapa Bukavu, katika vyumba vya uchapaji vya Ibanda na Kadutu, nimeona mara nyingi kijana akikataliwa faili na Linux kwa maneno ya Kifaransa «Permission non accordée», na papo hapo, bila kuuliza amekataliwa kwa nini, akaandika sudo chmod -R 777, yaani: kwa mamlaka ya msimamizi (sudo), badilisha ruhusa (chmod) za folda na vyote vilivyomo (-R) ziwe 777. Sikubaliani na desturi hiyo, ingawa mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo.

Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2 na kutekeleza 1, jumla 7, kwa hiyo 777 humruhusu mwenye faili, kikundi chake na mtu mwingine yeyote kufanya lolote. Hilo peke yake lingetosha kutuzuia, lakini kuna madhara ambayo wengi hawayatarajii: ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, hukataa kutumia ufunguo wa siri ambao watu wengine wanaweza kuusoma, na ukiipitisha amri hiyo juu ya /usr, folda ya programu za mfumo, sudo yenyewe hupoteza alama inayoiwezesha kufanya kazi kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, ikagoma, nawe ukabaki huna njia rahisi ya kurekebisha ulichoharibu.

Siku moja nilileta nyumbani diski ya nje ya ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, kutoka kazini, kwa kuwa kubeba kazi mfukoni ni nafuu kuliko kuipitisha kwenye intaneti. Hakuna faili lililokubali kuandikwa. Nilipoandika ls -l, amri inayoorodhesha mafaili pamoja na ruhusa na wenyewe, mahali pa jina la mwenye mafaili palikuwa na 1001 tu, na amri ya id, inayoonyesha namba ya mtumiaji, ikaniambia kwamba mimi ni 1000. Ndipo nilipoelewa kwamba diski haihifadhi jina bali namba, na kwamba mimi wa kazini, niliyeandikishwa wa pili kwenye kompyuta ile, ni mgeni kabisa kwa mimi wa nyumbani. Dawa ilikuwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, wala si chmod. (Flashi za FAT, mfumo mwingine wa mafaili, hazihifadhi jina wala namba ya mwenye faili, wala ruhusa, ndiyo maana chmod juu yake karibu haibadilishi kitu.)

Folda nazo huwapoteza wengi, kwa sababu x (alama ya kutekeleza) ya folda ni ruhusa ya kupita: ikikosekana, hata faili lililoachwa wazi kwa wote halifikiki, na tena kulifuta hutegemea ruhusa za folda, si za faili lenyewe.

Ningepewa darasa la wanaoanza, wangekaa na ls -l na id wiki nzima kabla ya kusikia neno chmod, na wa kwanza kuniomba sudo ningemtaka anisomee kwanza herufi kumi za mwanzo wa mstari wa ls -l, zinazoonyesha aina ya faili na ruhusa zake.