Mchezo Usiishie Kidato cha Nne

Msichana wa Kisumu na kaunti jirani hucheza hadi Kidato cha Nne, kisha basi. Wasichana wa shule ya Sinyolo wana magongo yao, wa Butere wana kandanda, wa Mukumu wana voliboli, na msimu wa michezo ya sekondari ukifika kila mtu anajua nani kamfunga nani. Baada ya mtihani wa mwisho, wasichana wale wale wenye pumzi ya kukimbia miaka mingine thelathini huvua viatu vya michezo wasivivae tena. Wachache wenye kipaji kikubwa huchukuliwa na klabu. Waliobaki huambiwa wamekua. Nimeishi Kanada muda wa kutosha kuamini kwamba umaskini hauelezi jambo hili. Tumeamua hivyo wenyewe, na tunaweza kuamua vingine.

Ninaishi mkoa wa Saskatchewan, ambako kazi yangu ni kuhudumia wazee. Januari baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na watu hucheza kalingi. Kwa ambaye hajauona mchezo huu: timu ina watu 4, njia ya barafu ina urefu wa mita 45 hivi, na katika kila raundi kila mchezaji husukuma mawe 2 ya graniti, kila moja likikaribia kilo 20, yateleze hadi kwenye miduara iliyochorwa upande wa pili. Mmoja akiliachia jiwe, wenzake wawili hukimbia mbele yake wakisugua barafu kwa brashi. Msuguano huipasha barafu joto kidogo, jiwe likaenda mbali zaidi bila kupinda haraka. Nahodha yuko mwisho wa njia, anapaza sauti: fagia, acha, fagia! Barafu yenyewe hunyunyiziwa matone ya maji kabla ya mchezo yakaganda vipele vipele, maana jiwe haliendi vizuri juu ya barafu iliyo laini kabisa.

Ligi yetu ya katikati ya wiki haina refa. Ukiligusa jiwe kwa brashi, unajisema mwenyewe. Mechi huanza kwa kupeana mikono na huisha hivyo hivyo, halafu walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji na wote wanane huketi meza moja. Hilo la mwisho ndilo lililonishika, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa: hutoki kwa mtu bila kuonja kitu.

Timu yangu ina mwalimu wa shule ya msingi, mkulima wa ngano, mhasibu mstaafu mwenye wajukuu, na mimi. Hakuna hata mmoja wetu atakayeitwa timu ya taifa. Hata hivyo tunasafiri. Oktoba, kabla barafu ya mji wetu haijatengenezwa, tunaenda mji mkubwa kufanya mazoezi na kocha wikendi nzima. Majira ya baridi yakikolea tunaenda mashindano ya miji mingine, na umbali wa huko si mchezo: Regina hadi Saskatoon pekee ni kilomita 260 hivi, theluji kulia na kushoto. Kwenye buti ya gari tunabeba koleo, blanketi na mishumaa, kwa sababu gari likikwama usiku huwezi kuketi tu ukisubiri. Tunalala wawili wawili chumba kimoja na chakula tunabeba kutoka nyumbani. Mshindi huenda akapewa paja la nguruwe au vocha ya duka.

Kuna utaratibu mmoja wa mashindano hayo ambao ningependa waandaaji wa huku kwetu wausikie. Kwa kawaida kila timu huhakikishiwa mechi tatu. Ukipoteza ya kwanza unashuka ngazi ya pili na kukutana na wengine waliopoteza. Ukipoteza tena, kuna ngazi ya tatu. Hakuna anayeendesha gari kwa muda wa saa nne ili acheze mechi moja tu. Kwetu nimeona timu ya wasichana ikitoka Busia alfajiri, ikatolewa kwa penalti saa nne asubuhi, ikashinda chini ya mti hadi jioni ikisubiri gari. Wangeweza kucheza mechi mbili zaidi kwenye uwanja ule ule, siku ile ile.

Mwanamke ambaye watu wa Saskatchewan humtaja kwa upendo mpaka leo ni Sandra Schmirler, mzaliwa wa mji mdogo wa Biggar. Timu yake ilikuwa bingwa wa dunia 1993, 1994 na 1997, kisha ikachukua dhahabu Nagano mwaka 1998, mara ya kwanza wanawake kupewa medali ya kalingi kwenye Olimpiki. Miezi michache kabla ya Nagano alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Saratani ilimchukua Machi 2000 akiwa na miaka 36. Ninapofikiria habari zake siachi kuwaza mama mwenye mtoto mchanga kule Kondele, Kisumu: nani angemwambia, nenda ukacheze, tutabaki na mtoto?

Sisemi Kanada ni peponi. Ada ya klabu inauma, na ukumbi wetu unabaki wazi kwa sababu wanachama wenyewe hupika, huuza chakula na kuosha vyombo kwa zamu. Mwenye watoto wadogo humlipa mtu wa kuwashika, na pesa hizo si kidogo. Tena pembeni mwa uwanja pamekufa. Nimecheza fainali mbele ya waume wawili na mpishi. Hakuna anayeimba. Atakayeiona mechi ya wasichana Kakamega, ngoma ya isukuti ikilia na, bao likifungwa, kina nyanya wakiingia uwanjani kucheza, atajua ninachokikosa.

Na bado naamini sisi ndio tulio karibu zaidi na jambo hili. Nikija likizo Kisumu huwa naandamana na wifi yangu kwenye chama chao pale Nyalenda. Kina mama hawa wana mwenyekiti, mweka hazina, daftari la mahudhurio na faini ya kuchelewa. Wana sare ya kitenge kwa harusi na leso kwa matanga. Msiba ukitokea Bondo au Ugenya, kufikia Alhamisi matatu imekodiwa, dereva amelipwa nusu, sufuria zimefungwa juu, na kila mmoja anajua nani atakaa na watoto wa nani. Ijumaa usiku wako njiani. Wanarudi Jumapili wamechoka, na Jumatatu wako sokoni Kibuye kama kawaida. Mume hahoji. Mama mkwe hahoji.

Hiyo ni timu. Fedha, nidhamu, usafiri, malezi ya watoto, yote wanayo tayari. Mwanamke wetu akisafiri kwa ajili ya msiba ni mtu wa watu. Akisafiri kucheza, anaulizwa nyumba amemwachia nani. Swali hilo halina haki. Mama huyu amezika, ameozesha, ameuguza na kuchangia, na miguu yake bado inataka kukimbia.

Kuna watakaosema tunazo timu za wanawake, na ni kweli. Klabu ya Vihiga Queens ilipochukua ubingwa wa CECAFA, yaani wa kandanda ya Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2021 na kwenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake wa Afrika, nililia mbele ya simu. Lakini hao ni hodari waliochaguliwa. Mimi namzungumzia muuza omena wa miaka arobaini ambaye hajawahi kuwa hodari wala hana haja. Pale Mamboleo, Kisumu, tuna Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, uliotumiwa kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021, nami naona fahari kila nikiupita. Hata hivyo mama yule atauingia kama mtazamaji. Miji mingi ya wakulima ninakoishi ina ukumbi wa bati wenye njia chache za barafu, na watu walioujenga waliujenga wacheze wao.

Hatuhitaji barafu. Netiboli inataka mpira, nguzo mbili zenye pete na wanawake saba kila upande. Tulio ughaibuni tumezoea kutuma jezi za vijana wa kiume wakati wa mashindano ya Desemba. Mwaka huu tukodishe matatu ya kina mama.

Nililileta jambo hili kwenye chama cha wifi. Walibishana jioni nzima, hasa kuhusu mavazi, wakakubaliana sketi ndefu na suruali ya kubana ndani. Fundi wa Kibuye anachomelea nguzo. Nilifikiri wangetaka mechi ya kwanza iwe hapa Kisumu. Walikataa kabisa: lazima iwe Kakamega, walale huko, na wenyeji waahidi mechi tatu.