Miembe imeificha njia

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtoa mpwa wangu mtaroni. Amekuja likizo huku Tabora kutoka Dar na baiskeli ya gia, simu kaifunga kwenye usukani, kofia ngumu kichwani, akatangaza wakati wa chai kwamba anakwenda Kwihara kuona tembe la Livingstone, tena kwa njia tulivu. Nikamwambia asubiri nimsindikize. "Usihangaike mjomba, ramani ipo." Haya. Hata saa moja haikuisha, simu ikaita: basi limempigia honi mgongoni, akakimbilia kokoto, kokoto zikamkabidhi kwa mtaro. Goti limechubuka, kofia nzima.

Programu ilikuwa imempitisha barabara kuu. Ile ile aliyoiambia imwepushe.

Ningecheka nikaishia hapo. Lakini jioni tulikaa barazani tukaichunguza ile simu, na hapo ndipo nilipokasirika, maana kosa lenyewe ni dogo mno. Njia ya uchochoroni, wanayopita wenye mkaa alfajiri, ipo kwenye ramani! Kuna mtu aliichora kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni anayoichora yeyote apendaye; huenda mwenyewe hajawahi kukanyaga Tabora, kwa kufuatisha picha ya setilaiti. Inaanzia nyuma ya nyumba za mwisho, inakata mashamba ya mihogo, kisha inakoma. Mbele kidogo inaanza tena. Katikati kuna pengo lisilozidi hatua mia mbili, na kwenye picha pengo hilo ni kijani kitupu. Miembe. Mchoraji kaona majani, hakuona njia, akainua kalamu. Muungwana yule, hakutaka kutunga.

Sasa programu ya kutafuta njia haina macho ya kusema "ah, hapa lazima panaungana." Inafuata mistari. Mstari usipogusana na mwenzake, hata kwa mita moja, kwake ni sawa na kuwekewa Ziwa Tanganyika katikati. Uibembeleze utakavyo: chagua baiskeli, chagua kuepuka lami, tumia hata BRouter ambayo unaiandikia masharti yako mwenyewe. Itahangaika, itakosa pa kupenya, itakurudisha kwa malori. Mistari miwili mizuri, kilomita nzima za utulivu, zote bure kwa sababu ya vivuli vya miembe minane. Nimeihesabu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba miembe ile haikuota pale kwa bahati. Wazee wetu husema imefuata njia za misafara: watu walipita, walikula embe, walitupa kokwa. Kwa hiyo kadiri njia ilivyo kongwe ndivyo kivuli chake kilivyo kizito, na ndivyo setilaiti inavyozidi kuikosa. Barabara aliyochonga greda juzi inang'aa kama bati jipya. Njia za rika la wapagazi, wale ambao Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akiwasubiri, zimejifunika shuka.

Mpwa akanionyesha na ile ramani ya Strava, programu ya kurekodi safari za baiskeli, inayowaka mahali panapoendeshwa sana. Upande wetu, giza. Tabora hii! Mji ambao ukiegemea ukuta unaegemea baiskeli ya mtu! Lakini mwenye magunia mawili ya mkaa kwenye keria ana mikono miwili tu, na yote iko kwenye usukani. Nani wa kubonyeza "anza safari"?

Haya, nikubali kidogo. Ramani ya kupakua imenirudisha nyumbani usiku zaidi ya mara moja, na haikula bando hata senti. Fundi wangu wa baiskeli hadi leo anabisha kwamba GPS inatumia intaneti. Na Dar walipoamua, mwaka 2015, wanafunzi na wananchi wa mradi wa Ramani Huria waliingia mitaani wakachora mitaro na vichochoro vya kata zinazofurika. Kwa hiyo inawezekana. Basi tu, sisi tunangoja tuchorewe.

Jumapili tukaenda wawili, mpwa na mimi, nami juu ya baiskeli yangu ya Phoenix, simu mfukoni ikirekodi. Chini ya mwembe wa tatu tukakutana na kijana anasukuma mkaa. Mwangaluka, mwangaluka. Nikamuuliza njia kana kwamba siijui, ili mpwa asikie. "Mbele kuna mwembe umepigwa radi. Shika kushoto. Kulia pia inafika, ila masika kuna mbuga."

Kuna programu gani inayosema hivyo? Asiyewahi kuingia mbuga, yaani bonde la udongo mweusi, na baiskeli hajui. Ule udongo unapanda na tairi, unajaa chini ya madigadi, gurudumu linagoma kabisa, unatafuta kijiti unakwangua, unasukuma hatua kumi, unakwangua tena. Mwisho unaibeba baiskeli begani, nawe una miguu ya tembo. Njia tulivu sana, hakuna gari hata moja. (Tulivu kuliko hiyo ni moja tu niliyowahi kupita, iliyonileta chini ya mizinga ya nyuki. Sirudi.)

Usiku nikakaa na mpwa tukakichora kipande chetu. Tukakiunga huku, tukakiunga kule, tukaweka kwamba ni udongo, na ile ya kulia tukaandika kuwa haipitiki masika. Dakika kumi, na saba kati ya hizo tulikuwa tunabishana kuhusu nenosiri.

Jana kanipigia kutoka Dar: mbona simu yake bado inampeleka barabara kuu? Nikamwambia ramani yake ya kupakua husasishwa mara moja kwa mwezi, avumilie. Yule kijana wa mkaa nimepishana naye leo asubuhi palepale, chini ya mwembe wa tatu. Kapiga kengele, kapita.