Paine na shingo ya mfalme

Wengi wakimtaja mwandishi Thomas Paine wanataja Common Sense tu, kijitabu kilichotoka Philadelphia Januari 1776. Sawa, kinachoma. Huko kwao Uingereza alikuwa fundi wa kushona koseti za kubana kiuno, kisha mtoza ushuru aliyefukuzwa kazi mara mbili. Alikuwa na mwaka na ushee tu Marekani alipowaambia wenyeji hawana haja na mfalme. Serikali, hata ikiwa njema, kwake ilikuwa uovu usioepukika. Na ufalme wa kurithishana? Maumbile yenyewe yanaudhihaki, alisema, ndiyo maana kila mara tunapewa punda badala ya simba. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Silaha nyingine aliichukua kwenye Biblia. Soma 1 Samweli 8: watu wanang'ang'ania wapewe mfalme, Samweli anawaonya kwamba atatwaa wana wao, mashamba yao, na mwisho watakuwa watumwa wake. Mkulima wa Pennsylvania hakuhitaji shahada kuelewa.

Lakini Paine wangu ni yule wa Paris, Januari 1793. Wafaransa wamemchagua kuwa mbunge, na Kifaransa hakijui. Mfalme wao aliyepinduliwa, Louis XVI, ametiwa hatiani, linajadiliwa auawe au la. Paine amesimama jukwaani kimya huku mwenzake akimsomea hotuba iliyotafsiriwa: mfalme asiuawe. Alitaka afungwe, kisha ahamishiwe Marekani. Marat, mbunge mwenzake mwenye msimamo mkali, anakatiza kwa kelele: huyu ni Mkweka, watu wa dhehebu lake hawakubali kuua, kura yake ya nini?

Tarehe 21 Louis akakatwa kichwa. Mwaka haujaisha, Paine naye yuko kwenye gereza la Luxembourg, hapohapo Paris, akakaa humo miezi kumi.

Wapo wanaosema Paine alijipinga kwa kumtetea mfalme. Sioni. Alichokichukia ni kiti. Aliyekikalia alikuwa mtu kama wewe. Aliyejipinga ni Robespierre, kiongozi wa mapinduzi ya Ufaransa, ambaye 1791 alitaka adhabu ya kifo ifutwe kabisa, halafu akaja kuitumia dhidi ya wapinzani wake. Paine alitoka gerezani akaandika 1795 kwamba anayetaka uhuru wake uwe salama amlinde hata adui yake asionewe. Wengine wangetoka wanatafuta wa kumlipizia.

Aliporudi Marekani 1802 wengi walimkwepa kwa sababu alikuwa ameandika kitabu cha kuishambulia Biblia, ileile iliyompa Samweli. Alifariki 1809, na waliofika mazikoni unaweza kuwahesabu kwa vidole.