Ukituma nanotyubu zako kupimwa Raman, dai namba, picha haitoshi

Nawaandikia wanafunzi wa fizikia na kemia hapa Uganda, uwe Makerere, Kyambogo au Mbarara, hasa nyinyi mlioanza kazi za nanotyubu za boroni naitraidi, yaani vijibomba vidogo mno vya atomi za boroni na naitrojeni. Wengi tunatuma sampuli nje kupimwa Raman, kile kipimo cha kusoma mitikisiko ya atomi kwa leza, tunangoja weee, halafu inarudi imeli yenye picha moja ya grafu, kilele kimoja katikati, mtu anaibandika kwenye thesisi na kuendelea na mambo mengine. Mimi hilo silikubali kabisa.

Raman yenyewe iko hivi, unaipiga sampuli leza ya rangi moja, karibu mwanga wote unaotawanyika unatoka na rangi ileile, ila fotoni chache mno, kama moja kati ya milioni kumi, zinaacha nishati kidogo kwenye mtikisiko wa atomi na kutoka na rangi iliyosogea. C. V. Raman aliliona hilo Kolkata mwaka 1928, akapewa Nobel 1930. Sasa boroni na naitrojeni ni atomi nyepesi zilizoshikana kwa bondi kali, na ni kama waya mfupi uliokazwa sana kwenye kinubi chetu cha adungu, lazima sauti iwe juu: zinatikisika karibu mara trilioni 41 kwa sekunde. Kwenye grafu, ambako kusogea kwa rangi kunapimwa kwa namba ya mawimbi kwa kila sentimita, hiyo ni karibu 1366, yaani ukitumia leza ya kijani ya nanomita 532, mwanga unaoutafuta uko kwenye 574 hivi, umeshaingia njano.

Na mwanga huo ni hafifu kweli. Nanotyubu za kaboni zinaimeza leza ya kawaida na mitikisiko inaitika kwa nguvu, hata ule wa tyubu kutanuka na kusinyaa unaonekana na unakupa kipenyo. Za boroni naitraidi zina pengo la nishati, yaani nishati ambayo fotoni lazima iwe nayo ili imezwe, linalokaribia elektronivolti 6 wakati fotoni ya leza ya kijani ina 2.3 tu, mwanga unapita bila kumezwa, ndo maana unga wake safi ni mweupe, na ndo maana wengine waliamua kutumia leza ya UV. Kwa hiyo mtu akikuambia amepata kipenyo cha tyubu hizi kwa leza ya kijani peke yake, muombe kwanza picha za mikroskopu ya elektroni.

Hapo ndo ile picha ya imeli inakuangusha. Kilele cha tyubu na kile cha boroni naitraidi ya kawaida ya matabaka vinapishana namba chache sana, moja mbili tatu hivi, vipimo vya mashine vikipotoka kidogo tu siku hiyo basi tofauti unayoshangilia ni ya mashine. Watu makini wanapima kipande cha silikoni kwanza ili kuikagua mashine, maana inajulikana kilele chake kinakaa 520 na kitu. Halafu kuna joto, leza ikichemsha mabaki ya boroni yaliyobaki ndani ya sampuli kilele kinasogea kwenye namba za chini. Halafu cheki 880, ukikuta kilele chembamba pale shuku asidi ya boriki, sababu oksidi ya boroni iliyobaki inavuta maji hewani na unyevu wa Kampala si mnaujua. Lakini picha uliyotumiwa imekatwa kuanzia 1200 mpaka 1500, mng'ao wa nyuma umeshafutwa na programu, utajuaje?

Ukijaza fomu ya maabara andika wazi: faili la namba, kuanzia 200 hadi 2000 bila kusafishwa, kipimo cha silikoni cha siku ileile, nguvu ya leza inayofika kwenye sampuli, muda wa kupima, na wapime sehemu kadhaa, wasichague ile inayong'aa tu. Faili lenyewe dogo, linaingia hata WhatsApp, na Python ni ya bure, utalichora kwa laptopu yoyote. Supervaiza akisema picha inatosha, mwambie kwa heshima kwamba kwenye picha ile hakuna anayeweza kuona kilele kimesogea namba mbili.