Maktaba ya chuo isiishie getini

Nimeyachoka maneno ya kwamba maktaba imepitwa na wakati kwa kuwa siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Wanaoyasema mara nyingi ni watu wenye simu nzuri, bando lisiloisha na chumba chenye meza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepanga Msewe au Changanyikeni, chumba kimoja watu watatu, muziki wa jirani unanguruma hadi saa sita usiku, mwambie habari hizo naye atakusikiliza kwa adabu tu kwa sababu wewe ni mkubwa wake.

Twende Mlimani siku za kukaribia mitihani ya mwisho wa muhula. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa na Rais Magufuli Novemba 2018, ina uwezo wa kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Kwenye karatasi ni nafasi nyingi. Lakini chuo kina wanafunzi makumi ya maelfu, kwa hiyo ukichelewa utakuta kila kiti kina mwenyewe, na kisicho na mtu kina daftari au sweta la mtu. Vinavyogombewa kuliko vyote ni viti vilivyo karibu na soketi. Anayekosa anarudi nje kwenye kimbweta, yaani meza na benchi za saruji za uwanjani, anasoma hadi jua limfukuze.

Wapo wahadhiri wanaonuna wakiona hali hiyo. Wanasema vijana hawaji kusoma vitabu, wanakuja kuchaji simu na kukariri madesa, yaani nakala za notisi za darasani. Ni kweli, wengi wanaingia na madesa yao na wanatoka bila kugusa rafu hata moja. Mimi sioni kosa. Meza, taa, intaneti na ukimya ni mambo ambayo mtoto anayeishi kwa bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi, hawezi kuyanunua mjini kwa bei yoyote anayoimudu. Akivipata maktaba bure, maktaba imefanya kazi yake, hata kama siku hiyo hakuna kitabu kilichoazimwa.

Ila msaada mkubwa kuliko wote hauko kwenye jengo, uko kwa mkutubi, na huu ndio wanafunzi wasioujua. Wengi humwona kama mlinzi wa vitabu au mtu wa kusema "nyamazeni". Nimewahi kukaa jirani na dawati la msaada katika maktaba ya chuo kimoja nikamsikiliza mama mmoja akifanya kazi yake. Binti alikuwa anatafuta makala za utafiti wake kuhusu wakulima wa mwani Zanzibar. Alikuwa ameandika kwenye kompyuta kichwa kizima cha utafiti, kuanzia "changamoto zinazowakabili" hadi jina la wilaya, yote kwa Kiingereza cha kutafsiri. Majibu, sifuri.

"Shikamoo mama. Humu hamna kitu."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione." Akasoma, akacheka kidogo. "Sasa hii mashine itajuaje changamoto zako? Wanalima mwani gani huko?"

"Spinosum. Na cottonii, zamani."

"Basi andika hivyo hivyo, halafu weka Zanzibar. Hayo mengine yote futa."

Makala zikamwagika. Mama hakuishia hapo. Akamwonyesha kwamba ukipata makala moja nzuri, unashuka mwisho kwenye marejeo uone mwandishi naye alisoma nini, kisha unageuka upande wa pili, unatafuta waliomrejea yeye miaka iliyofuata. Kwa njia hiyo makala moja inakuzalia ishirini. Binti alikuwa anaandika kwa kasi kama anaagizwa dukani. Hakuna simu iliyomfundisha hilo, na simu alikuwa nayo mkononi muda wote.

Jambo jingine ambalo binti yule pengine hakulijua ni kwamba nyingi ya makala zile si za bure. Zinafunguka kwa sababu yumo ndani ya mtandao wa chuo. Vyuo vyetu huchangishana kupitia umoja wao wa maktaba, COTUL, kulipia majarida ya mtandaoni ambayo chuo kimoja kisingeyamudu peke yake. Mengine hupatikana kwa bei ndogo au bila malipo kupitia mpango wa Research4Life, uliowekwa kwa ajili ya taasisi za nchi zenye kipato kama chetu. Mwanafunzi anabofya, makala inafunguka, anadhani ndivyo dunia ilivyo.

Atajua siku akihitimu. Pasiwedi inakufa na kitambulisho kinarudishwa. Yule yule tuliyemfundisha kwa miaka mitatu kwamba asiamini kila anachokiona mtandaoni, asome utafiti, tunampeleka kufundisha baiolojia kwenye shule ya kata Sumbawanga au kuuguza wagonjwa Newala, na huko kila makala anayoibofya inamdai dola. Anarudi kwenye makundi ya WhatsApp, anasoma kilichotumwa na shemeji. Halafu tunashangaa kwa nini watumishi hawajiendelezi.

Ndipo nafika kwenye hoja yangu. Maktaba ya chuo cha umma ni mali ya umma, na umma haumaanishi wanafunzi waliosajiliwa mwaka huu peke yao. Mwalimu wa shule ya jirani, mtahiniwa wa kujitegemea anayejiandaa na kidato cha nne, mwandishi wa habari, muuguzi, mzee anayefuatilia kesi ya ardhi, wote hao wana haki ya kukaa pale. Najua vyuo kadhaa vina utaratibu wa kupokea wasomaji wa nje kwa ada. Tatizo ni kwamba utaratibu huo wanaujua wachache mno, na mlinzi wa getini si miongoni mwao. Mimi niliwahi kuzuiwa mlangoni pa maktaba moja ya chuo na kijana aliyeniuliza, kwa upole kabisa, "Mzee, wewe unasoma nini hapa?" Nikamjibu nimekuja kusoma magazeti ya zamani. Akasema magazeti yanauzwa kituoni.

Tunacheka, lakini kilichomo ndani si cha kuuzwa kituoni. Pale Mlimani kuna miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa pwani miaka ya 1960 na mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen, mingi ikiwa tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na kanda za sauti. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Fikiria hilo: tenzi zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye makasha ya familia za pwani ziko Dar es Salaam, orodha imetoka Uholanzi, na mjukuu wa aliyenakili kwa mkono wake hajui hata kwamba karatasi za babu yake zipo na anaweza kuomba kuziona. Kuna pia hati za Hans Cory, Mwaustria aliyezunguka Tanganyika wakati wa ukoloni akiandika mila na sheria za jadi, za Wasukuma na Wahaya zikiwamo. Ukitaka kubishana kuhusu urithi wa ukoo na mtu anayedai "mila yetu inasema hivi tangu zamani", huko ndiko kwa kuanzia, ingawa Cory naye ni wa kusomwa kwa jicho la pili, maana aliandikia serikali iliyotaka kutawala kwa urahisi.

Hizi si mali za wahadhiri. Zilitoka kwa watu.

Mfano wa chuo kilichokubali deni hili kwa maandishi tunao hapa hapa nchini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1991. Maana yake kazi yake haiishii kwa wanafunzi wa SUA, inamhusu mkulima, bwana shamba na mtafiti popote alipo nchini. Wameanzisha hata mkusanyo wa mtandaoni uitwao Mkulima, wenye machapisho ya kilimo na ufugaji kwa Kiswahili. Naupenda kwa sababu moja rahisi: umeandikwa kwa lugha anayoisoma anayeshika jembe. Vyuo vingine vina utafiti mzuri mno kuhusu maji ya visima, kipindupindu, bei za mazao, na wote umefungwa ndani ya tasnifu za Kiingereza ambazo hata waliohojiwa hawakuletewa muhtasari wa ukurasa mmoja. Maktaba ingeweza kuudai muhtasari huo kila mwanafunzi anapowasilisha tasnifu yake. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Haugharimu jengo jipya.

Watu wa maktaba wana majibu yao, na si ya kupuuzwa. Viti havitoshi, nimeshakiri hapo juu. Vitabu vinaibwa. Wengine hawaibi kitabu kizima, wanachana sura wanayoitaka na kukirudisha kitabu kikiwa na pengo, dhambi ambayo binafsi naiona kubwa kuliko wizi wenyewe. Ukimwongeza mtu asiye na namba ya usajili, ukimkosa utamtafutia wapi?

Lakini wanaochana sura ni wanafunzi waliosajiliwa, tena siku mbili kabla ya mtihani. Msomaji wa nje anayesomea palepale bila kuazima, aliyeacha namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) mapokezi, ni hatari ndogo kuliko mwenye kadi. Kuhusu majarida ya mtandaoni, mikataba mingi ya wachapishaji inamruhusu mtu yeyote aliyemo ndani ya jengo kuyasoma kwenye kompyuta za maktaba. Anayekatazwa ni aliye nyumbani. Kwa hiyo yule muuguzi akipata siku ya mapumziko akaingia maktaba ya chuo kilicho karibu naye, mara nyingi mchapishaji hana neno. Mwenye neno ni sisi.

Na viti? Viti vinakosekana kwa majuma machache tu ya mwaka. Vyuo vikifunga, kumbi zile zinabaki na mafeni yanayopepea meza tupu. Agosti hadi Oktoba, wakati wanachuo wengi wako makwao, ndio wakati watahiniwa wa kidato cha nne wanahangaika na mtihani wa Novemba, na wa kujitegemea wanahangaika zaidi, maana hawana hata darasa la kukaa usiku. Maktaba ya mkoa, palipo na maktaba ya mkoa, imejaa. Ya chuo, kilomita mbili kutoka hapo, imefungwa saa kumi jioni kwa sababu "ni likizo".

Nisingeanza na mambo makubwa. Chuo kimoja kijaribu likizo ijayo: ukumbi mmoja wa chini, kadi ya rangi tofauti, ada isiyozidi nauli ya daladala kwenda na kurudi, mlinzi aelezwe mapema, na bango libandikwe kwa Kiswahili huko nje barabarani, sokoni na kwenye shule za kata, si kwenye tovuti ya chuo. Mkutubi mmoja awepo kwenye dawati la msaada, wa aina ya yule mama. Wanafunzi wa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo wanaohitaji mafunzo kwa vitendo wamsaidie zamu za jioni. Vyuo vikifunguliwa, wahesabu vitabu vilivyopungua na watu walioingia, waviweke vyote viwili mezani kwenye kikao cha seneti, kisha waamue kama mlango ufungwe tena.