Kiti cha Montana kimerudi, kodi ya nyumba imepanda

Mimi natoka Kongo, nchi iliyohesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wabunge tunao, 500 kamili Kinshasa, lakini ukiuliza wanawakilisha watu wangapi, kila mtu atakutajia namba yake. Kwa hiyo fikiria nilivyoshtuka huku Missoula, jimbo la Montana, serikali ya Marekani ilipoleta barua mwaka 2020: andikeni wote wanaolala humu ndani. Hata mtoto mchanga. Hata mimi, mkimbizi, sina uraia, nina koti moja la baridi na lenyewe zipu imekufa.

Mama watoto akaichukua karatasi kabla sijapata miwani. Mtu wa Kwanza akajiandika yeye. Mimi Mtu wa Pili. Nikamwambia, mama, baba wa nyumba anawezaje kuwa wa pili? Akasema anayejaza ndiye wa kwanza, wewe chukua koleo ukatoe theluji mlangoni. Nikaenda.

Majibu yakatoka 2021: Montana ina watu 1,084,225. Jirani yangu, mzee wa Kizungu ambaye kwa kawaida ananisalimia kwa kidole kimoja tu cha usukani, akaja hadi kwenye ngazi zangu anacheka. “Kimerudi!” Nikadhani mbwa wake. Kumbe ni kiti cha pili katika Baraza la Wawakilishi kule Washington.

Hapo ndipo akanishika. Nilikuwa nimebeba mifuko ya chakula, vidole vinaganda, naye ameanza 1889, Montana ilipokuwa jimbo kamili na kupewa mwakilishi mmoja. Mwaka 1913 wakawa wawili. Mwaka 1916 wakamchagua Jeannette Rankin, mzaliwa wa hapahapa karibu na Missoula, mwanamke wa kwanza kuingia Kongresi, yaani bunge la Marekani, wakati wanawake wa majimbo mengi hawana hata kura. Mwaka 1917 akapinga kuingia vitani, yeye na wenzake 49. Akakosa kurudi, akangoja, akachaguliwa tena 1940, na Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor akapinga vita tena. Safari hii 388 kwa 1. Watu walimfokea hadi akajifungia kwenye kibanda cha simu. Huyo mama namwelewa. Kwenye mkutano wa wapangaji nilipinga peke yangu kupanda kwa kodi, na mimi hata kibanda sikupata.

Maseneta, wale wa baraza la pili la Kongresi, ni hesabu nyingine, kila jimbo wawili, liwe dogo liwe kubwa. Zamani waliteuliwa na wabunge wa jimbo, si wananchi. Basi kulikuwa na tajiri wa shaba, William Clark. Mwaka 1899 mbunge mmoja akasimama akaonyesha bahasha zenye dola 30,000, akasema ni fedha za kununua kura za huyo bwana. Wabunge wakaziona bahasha, wakashangaa, kisha wakamchagua Clark. Washington wakachunguza, akajiuzulu 1900. Mwaka 1901 wakamchagua tena! Ndugu zangu, miaka yote niliyokaa Marekani, siku hiyo ndiyo nilijisikia niko nyumbani.

Sasa kile kiti kilipoteaje? Viti vya Baraza ni 435, haviongezeki hata watu wazaane vipi. Kila miaka kumi wanahesabu watu na kuvigawa upya kwa idadi yao, jimbo moja likipata, jingine limenyang'anywa. Baada ya hesabu ya 1990 Montana ikabaki na mmoja. Watu karibu 800,000, eneo kubwa kuliko Ujerumani, mwakilishi mmoja. Jirani yake Wyoming alikuwa na watu 453,588, naye mmoja. Wakaenda Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1992, majaji wote tisa wakawaambia poleni. Wabunge wawili waliokuwepo, Pat Williams na Ron Marlenee, ikabidi wagombanie kiti kimoja. Akabaki Williams. Ikawa hivyo miaka thelathini.

Jumapili kwenye bugali na sombe niliwatangazia Wakongo wenzangu kwamba kiti tumekirudisha sisi. Wakacheka. Nikawauliza, New York imepoteza kiti kimoja kwa upungufu wa watu wangapi? 89! Watu 89 ni wale wanaokuja harusi ya Bukavu bila kadi. Sasa nani ananiambia sisi hatuna uzito?

Uzito tunao, kura ndiyo hatuna. Hesabu inataka kila anayeishi hapa, kura inataka raia. Kichwa changu kimo ndani ya kile kiti, mkono wangu uko nje unafagia theluji. Na Novemba 2022 upande wetu wa magharibi ukamchagua nani? Ryan Zinke, ambaye alishawahi kukalia kile kiti kimoja cha zamani tangu 2015, akakiacha 2017 kwenda kuwa waziri wa Trump. Kiti kipya, makalio yaleyale.

Faida niliyoiona mpaka leo ni makaratasi ya kampeni. Sanduku la barua linajaa, kila mgombea ananitazama na kofia yake ya ng'ombe. Kodi imepanda, zipu bado imekufa. Ila 2030 wanahesabu tena, na nimeshamwambia mama watoto: barua ile ikija, kalamu naishika mimi. Ameniuliza miwani yangu iko wapi.