Bal'ami Alimharibu Tabari au Alimfikisha kwa Watu?

Likitajwa jina la Bal'ami mbele ya watu wanaoifuatilia historia ya Kiislamu kwa undani, mara nyingi jibu ni lile lile, kwamba huyo si mfasiri, kachukua Tarikh, kitabu kikubwa cha historia alichokiandika Tabari kwa Kiarabu, akang'oa sanadi zote, yaani majina ya waliopokezana kila habari, akabakisha hadithi tupu. Mi naona anaonewa, ingawa kuna sehemu moja ambapo wanaomlaumu wana hoja nzito na nitaifikia.

Kwa kifupi, Abu Ali Bal'ami alikuwa waziri wa Wasamani, ukoo wa Kiajemi uliotawala kule Bukhara, Uzbekistan ya leo, na baba yake naye alishawahi kuwa waziri wa ukoo huo huo. Mwaka 963 amiri Mansur bin Nuh akamwagiza akitie kitabu cha Tabari kwenye Kiajemi. Tabari mwenyewe alikuwa mtu wa Amol, Iran ya leo, akafia Baghdad mwaka 923, kwa hiyo ilikuwa imepita miaka 40 tu.

Sasa kwa ambaye hajawahi kumfungua Tabari, yeye anakuletea tukio moja anaanza kanihadithia fulani, naye kasikia kwa fulani, aliyepokea kwa fulani, unapita majina manne matano ndo unafika kwenye habari yenyewe, halafu anarudi kwenye tukio lile lile kwa mapokezi mengine, pengine na ya tatu, zinapingana na mara nyingi hakwambii ipi ndo sahihi. Alifanya makusudi. Kwenye utangulizi anasema wazi kwamba ukikuta habari ya kukukera ujue haikuanzia kwake, imetoka kwa wapokezi na yeye kaifikisha kama ilivyomfikia. Bal'ami kaziondoa sanadi, na kwenye simulizi zinazopingana kwa kawaida anachagua moja anaendelea nayo. Ndo wanaomlaumu wanasema msomaji kanyang'anywa mizani, anasoma kuuawa kwa khalifa Uthman au vita vya Siffin, vya Ali na Muawiya, kama vile kuna habari moja tu. Hiyo ni hasara kweli na siipunguzi.

Lakini alikuwa anamwandikia nani? Amiri Mansur huyu huyu ndiye aliyeagiza pia kitabu kingine cha Tabari, kile cha kufafanua Qurani, kiwekwe kwenye Kiajemi, na utangulizi wa Kiajemi hicho unasimulia kwamba kitabu kilikuja kutoka Baghdad juzuu 40 zenye sanadi ndefu, amiri ikawa vigumu kwake kukisoma, akakusanya maulamaa wa Bukhara, Balkh, Samarkand na kwingineko akawauliza kama inafaa kukigeuza, wakajibu inafaa, wakishika ile aya ya Sura Ibrahim kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake. Yaani mtawala wa nchi nzima, mwenye makarani na walimu wake, Kiarabu kinamlemea, sasa mfanyabiashara wa Samarkand angefanya nini na orodha ya wapokezi asiowajua hata mmoja? Sanadi ni kazi ya mwanachuoni kuzipima, na mwanachuoni wa wakati ule alikuwa na Kiarabu chake, hakuna aliyemzuia kwenda kwenye asili.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi haliniachi. Nakala za mkono za Bal'ami zilizobaki duniani zinazidi 160, na kitabu chake kikaenda mpaka kwenye Kituruki. Kile kikubwa cha Kiarabu cha Tabari je? Wasomi waliokuwa na de Goeje, Mholanzi mtaalamu wa Kiarabu, kule Leiden, Uholanzi, walipokichapisha kati ya 1879 na 1901 hawakupata hata nakala moja kamili, walikiunga juzuu kwa juzuu kutoka maktaba mbalimbali. Kitabu kilichohifadhi kila kitu nusura kisipatikane kizima, na kile kinachoitwa kibovu kilikuwa kimejaa kila mahali. Hata Ulaya ilimsoma Tabari kupitia kwa Bal'ami kwanza, maana msomi Zotenberg alitoa tafsiri yake ya Kifaransa kuanzia 1867 mpaka 1874 akitumia Kiajemi hicho, Leiden hawajaanza hata juzuu ya kwanza. Na nathari ya Kiajemi yenyewe ilikuwa ndo inaanza, kitabu hiki ni kati ya vya zamani kabisa vilivyobaki.

Hoja nzito niliyosema ni hii. Bal'ami hakupunguza tu, aliongeza, na nyongeza inayojulikana zaidi ni kisa cha Bahram Chobin, jemadari aliyemwasi Khosrow wa Pili, mfalme wa Uajemi kabla ya Uislamu kufika huko. Wasamani walidai ni wa uzao wa Bahram huyo. Kwa hiyo waziri anarefusha habari za babu wa bosi wake, na hapo mtu akisema ni siasa sina cha kumbishia. Ninachomtetea nacho ni kwamba hakuificha, anasema palepale kwamba Tabari hakukieleza kisa kikatimia na yeye kakipata kwenye kitabu kingine. Anayetaka kudanganya haonyeshi mahali alipounga.

Halafu wengi wanasahau kwamba zile nakala 160 na zaidi hazifanani. Zilizobaki ziliandikwa muda mrefu baada yake, wanakili wamepunguza, wameongeza, wengine wamerudisha vitu kutoka kwenye Kiarabu, kiasi kwamba alichoandika Bal'ami mwenyewe neno kwa neno hatuna. Makosa mengi anayobebeshwa huenda ni ya mnakili wa karne nyingine kabisa, kwa hiyo anayemhukumu angetaja kwanza anasoma nakala ipi.